Leni ya mita nne: pana kwa gari moja, nyembamba kwa mawili

Katika barabara za mjini, upana mbaya zaidi wa leni ni ule ulio kati ya mita 4 na 4.8. Gari likiwa peke yake, dereva anaona nafasi tele pembeni, naye anakanyaga mafuta. Jamu ikianza, nafasi hiyo hiyo inaalika gari la pili. Matatu ya abiria 33 ina bodi ya takriban mita 2.2, na vioo vya pembeni vinaifikisha karibu 2.7. Gari dogo kama Probox au Vitz lina mita 1.7 hivi, na vioo vikihesabiwa linakaribia 2. Jumla ni 4.7. Magari hayo mawili yanaingia sambamba kwenye leni moja bila kubaki hata kiganja, na kila anayepita Jogoo Road au Lang'ata Road jijini Nairobi asubuhi anajua kwamba yanaingia kweli. Kisha boda boda, yenye usukani wa sentimita 80 hivi, inatafuta penye kupenya.

Naanza na hesabu hii kwa sababu mjadala kuhusu barabara zetu huelekea upande mmoja kila mara: panueni. Upana una kazi yake, tena kazi kubwa, lakini ukipita kipimo fulani hauongezi tena magari yanayopita. Unaongeza mwendo wa kasi usiku na mistari ya kubuni mchana.

Kipimo cha mita 3.65 kinachotajwa sana ni futi 12, na kinafaa barabara kuu ambako trela na basi la safari vinapishana kwa kasi. Basi kubwa au lori lina bodi ya mita 2.5, na vioo vinalifikisha karibu mita 3. Kwa kasi ya kilomita 80 au 100 kwa saa, gari haliendi kama limechorewa mstari: linayumba kidogo kwa upepo, kwa mteremko wa lami, kwa dereva kugeuza kichwa. Mita 3.5 na zaidi zinafidia kuyumba huko, kwa hiyo leni kuu za Thika Road na Southern Bypass zina haki ya upana huo. Ila ndani ya mji, ambako sheria inataka kilomita 50 kwa saa, leni inayopitisha mabasi inatoshwa na mita 3.2 hadi 3.3, na leni ya magari madogo inatoshwa na mita 3. Penye dhiki hata 2.8 inafanya kazi, mradi barabara imenyooka na magari makubwa yana leni yao.

Pingamizi la kwanza huwa hili: leni ikipunguzwa, si magari machache ndiyo yatakayopita? Hapa hesabu ipo na haihitaji kubishaniwa kwa hisia. Mwaka 1986 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilitoa kanuni ya kukadiria magari yanayoweza kuvuka mstari wa kusimamia kwenye taa. Leni iliyonyooka ya mita 3.25 hupitisha sawa na magari madogo 2,080 kwa kila saa ya taa ya kijani. Ikiwa ni leni ya kando, 1,940. Kila mita moja ya upana ikiongezwa au kupunguzwa, hesabu hupanda au kushuka kwa magari 100. Basi huhesabiwa kama magari madogo mawili hivi.

Chukua njia yenye leni mbili zinazofika kwenye taa. Zikiwa na mita 3.5 kila moja, zinapitisha 2,105 na 1,965, jumla 4,070. Zikiwa na mita 3, ni 2,055 na 1,915, jumla 3,970. Tofauti ni magari 100 kwa saa nzima ya kijani. Lakini taa haikai kijani saa nzima. Ikiwa upande huo unapewa asilimia 40 ya muda, hasara halisi ya kupunguza mita nzima ya lami ni magari 40 kwa saa.

Sasa weka matatu moja inayosimama karibu na mstari, leni ya kando, kondakta akiita abiria wakati taa ni ya kijani. Leni hiyo inapitisha gari moja kila sekunde 1.8. Matatu ikiziba sekunde 10 katika kila mzunguko wa taa wa sekunde 90, ni mizunguko 40 kwa saa, yaani sekunde 400 zilizopotea, sawa na magari 218. Hasara ya kusimama ovyo inazidi hasara ya wembamba zaidi ya mara tano. Ukiwa na pesa kidogo za kuondoa jamu kwenye makutano, usizitumie kutafuta nusu mita ya leni. Hamisha steji mita 40 au 50 baada ya kuvuka makutano, ichimbiwe nafasi ya pembeni yenye upana wa mita 3 ili matatu itoke kabisa njiani, na uache urefu wa kutosha gari kuingia na kutoka kwa mshazari. Nafasi fupi ni kazi bure: matatu ya pili inakuta ya kwanza imejaza nafasi, mkia wake unabaki barabarani, na leni inazibwa kama zamani.

Wamarekani nao walifika mahali hapo hapo. Mwongozo wao wa kukokotoa uwezo wa barabara, toleo la mwaka 2000, ulipunguza karibu asilimia 7 kwa leni ya mita 3 kwenye taa. Toleo la 2010 likafuta tofauti hiyo: kuanzia mita 3 hadi 3.9, leni zote zinahesabiwa kuwa sawa.

Na ile safu ya tatu ambayo madereva wetu huitunga kwenye barabara ya leni mbili? Barabara ya mita 7 inaweza kubeba safu tatu za magari madogo, kila moja ikipata mita 2.33. Kwenye mstari wa taa inaonekana faida, maana magari mengi yanaondoka kwa pamoja. Faida hiyo hudumu tu kama upande wa pili wa makutano una leni tatu za kuyapokea. Mara nyingi hauna. Safu tatu zinaingia mbili, kila dereva anamkazia mwenzake, na mkia wa magari yaliyokwama unarudi hadi katikati ya makutano na kuwazuia wanaokatiza. Ndiyo maana upana wa kuingilia na upana wa kutokea lazima vipimwe pamoja. Ukichora leni mbili zinazoingia, chora mbili zinazotoka, kisha uhakikishe hakuna mita za ziada kabla ya taa zinazoonekana kama leni isiyochorwa.

Mahali leni inapokufa pana kanuni yake pia. Kwa kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa, urefu wa kupunguzia leni ni upana wake mara kasi mara kasi, ukigawanya kwa 155. Leni ya mita 3.5 kwa kilomita 50 inahitaji mita 56 za mshazari. Mkandarasi akiifunga kwa mita 15 kwa kutumia mapipa mawili na utepe, dereva wa nyuma hana muda wa kuchagua. Anafunga breki au anachomekea, na ndipo jamu ya asubuhi inapozaliwa.

Usalama ndio unaonifanya nishikilie jambo hili zaidi kuliko jamu. Mwongozo huo wa Marekani unakadiria kwamba kwenye barabara kuu isiyo na msongamano, kutoka mita 3.6 hadi 3.3 hupunguza kasi kwa kilomita 3 hivi kwa saa, na kushuka hadi mita 3 hupunguza karibu 11. Mjini tofauti huwa ndogo zaidi, ila inaenda upande huo huo. Kilomita chache zinaweza kuonekana si kitu. Hebu tuzihesabu. Dereva wa kilomita 50 kwa saa, akichukua sekunde 1.5 kushtuka na kukanyaga breki kwenye lami kavu, anasimama baada ya mita 35 hivi. Mwenzake wa kilomita 60 akimwona mtu yule yule mahali pale pale, anatumia mita 25 kabla hata breki haijashika. Kwenye mita ile ambapo wa kwanza amesimama, huyu bado anakwenda kilomita 43 kwa saa. Huyo mtu aliyekuwa akivuka anagongwa kwa kasi hiyo.

Shirika la Afya Duniani hutumia kadirio hili: wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu. Nairobi ni mji wa watu wanaotembea: kutoka Kibera hadi Industrial Area, kutoka Mathare hadi mjini kati, kutoka Mukuru hadi viwandani. Kila nusu mita tunayoipa leni isiyoihitaji imetoka kwenye miguu ya mtu fulani.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilinganisha zaidi ya sehemu 1,000 za barabara katika miji 7 ya Marekani. Kwenye barabara zenye kikomo cha kilomita 30 hadi 40 hivi kwa saa, hawakuona tofauti ya maana kati ya upana mbalimbali. Kwenye zile za kilomita 50 hadi 55 hivi, leni za futi 10, 11 na 12 zilikuwa na ajali nyingi kuliko za futi 9, yaani mita 2.75. Kasi hizo za pili ndizo zinazokaribia kikomo chetu cha mjini.

Sasa upande wa pili wa shilingi, kwa sababu wembamba ukiwekwa mahali pasipofaa unaua vilevile.

Kwanza ni kona. Gurudumu la nyuma halifuati la mbele, linakata ndani. Kadirio la haraka ni umbali kati ya ekseli ukiuzidisha kwa wenyewe, kisha ukigawanya kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha kona. Basi lenye mita 6 kati ya ekseli, kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 30, linahitaji sentimita 60 za ziada. Kwenye kona ya mita 15, mita 1.2, na bado pua yake inatokeza nje. Trela zinazoingia Enterprise Road na Lusaka Road zinahitaji zaidi ya hapo. Leni ya mita 3 ikiendelezwa ndani ya kona kama hiyo, lori litapanda njia ya miguu au litaingia leni ya jirani, na kwa kawaida hufanya yote mawili. Leni ipanuliwe ndani ya kona peke yake, kisha irudi.

Boda boda ni jambo zito zaidi, na nadhani halijafikiriwa vya kutosha hapa kwetu, kwa kuwa miongozo mingi iliandikwa kwenye nchi zisizo nazo kwa wingi. Magari madogo mawili yakiwa katikati ya leni za mita 3 zilizo sambamba, kati yao panabaki mita 1.3 ukipima bodi kwa bodi, na karibu mita 1 ukitoa vioo. Boda boda inapita, kwa shida. Mabasi mawili yakiwa sambamba kwenye leni hizo hizo, panabaki nusu mita ya bodi, na vioo vinaimeza yote. Boda boda iliyoingia hapo haina pa kwenda. Kwa hiyo usichore leni mbili za mita 3 kwenye barabara ambayo mabasi yanatumia leni zote mbili, ukaacha boda boda bila njia yake. Ama mabasi yawekwe leni ya kando yenye mita 3.2 au zaidi, ama baiskeli na boda boda zipewe mita 2 pembeni zilizotenganishwa kwa ukingo. Rangi peke yake haitoshi. Ndani ya wiki moja itakuwa sehemu ya kuegesha.

Na kuna upana unaoibwa bila mtu kupunguza chochote. Dereva hakaribii mtaro ulio wazi. Huacha nusu mita. Hakaribii nguzo pia: chini ya Expressway, ile barabara ya juu ya Nairobi, pale nguzo zilipo katikati ya Mombasa Road na Waiyaki Way, magari ya leni ya ndani husogea kushoto hata kama mistari imechorwa sawasawa. Mfuniko wa mtaro uliong'olewa, dimbwi la mvua, meza ya mchuuzi, mkokoteni uliosimamishwa: kila kimoja kinakula sentimita 30 hadi mita nzima. Leni ya mita 3.5 kwenye ramani inaweza kuwa 2.6 barabarani, na leni ya mita 3 iliyo safi ikapitisha magari mengi kuliko hiyo. Hatari zaidi ni lami iliyokatika pembeni na kuacha ngazi. Ngazi ikizidi sentimita 5, gurudumu likishuka, dereva huzungusha usukani kwa nguvu ili apande, na gari likipanda linarukia upande wa wanaokuja. Dawa si kupanua. Ni kumalizia ukingo wa lami kwa mteremko wa nyuzi 30 na kujaza udongo ulioshindiliwa hadi usawa wa lami.

Kwa chama cha wakazi, mwanafunzi wa uhandisi au afisa wa wodi anayetaka kupeleka hoja KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au kaunti, kipimo kizuri kinafanyika asubuhi ya Jumapili kabla magari hayajawa mengi. Wawe watu watatu: wawili na utepe wa mita 30, mmoja akiangalia magari, wote na vizibao vya kung'aa. Pimeni kila mita 20 kutoka ukingo hadi ukingo kwanza, ndipo mpime kutoka katikati ya mstari hadi katikati ya mstari, maana mstari wenyewe una sentimita 10. Katika kila kituo andikeni upana unaotumika kweli, baada ya kutoa mtaro, mashimo na vizuizi. Rudini siku ya mvua mwone maji yanasimama wapi. Ukiweka safu hizo mbili za tarakimu pamoja, za karatasi na za kweli, mara nyingi utaona kwamba barabara inayoitwa nyembamba ina mita 2 zilizolala bure.

Mfano wa kugawa upya: barabara ya mita 14 yenye leni nne za 3.5. Zipeni leni za kando mita 3.2, leni za ndani 2.8. Kila upande unatumia mita 6, zinabaki mita 2. Penye kivuko, mita hizo ziwe kisiwa cha katikati. Msizipunguze chini ya hapo, kwa kuwa baiskeli ina urefu wa mita 1.8 hivi, na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi hasimami kwenye mstari wa rangi. Anayetembea mita 1.2 kwa sekunde anavuka mita 14 kwa karibu sekunde 12, akikodolea macho pande mbili. Akiwa na kisiwa anavuka mita 6 kwa sekunde 5, akiangalia upande mmoja tu, anapumzika, kisha anamalizia. Mbali na vivuko, mita 2 zile zihamie kwenye njia ya miguu upande wenye watu wengi. Kwa mitaa ya katikati ya mji inawezekana kwenda mbali zaidi: Luthuli Avenue ilifanywa ya upande mmoja mwaka 2019, nafasi ya magari ikapunguzwa na njia za miguu zikapanuliwa.

Mwisho ni kazi ya rangi, na huko ndiko mipango mizuri huharibikia. Rangi ya plastiki ya kuyeyusha hupakwa ikiwa na joto la nyuzi 180 hadi 200, unene wa milimita 2 hadi 3, na chembe za kioo hunyunyizwa papo hapo kabla haijapoa, la sivyo mstari hautaonekana usiku. Lami lazima iwe kavu kabisa. Ikipakwa asubuhi ya umande, itabanduka vipande vipande. Mistari ya zamani iondolewe kwa mashine ya kusaga au kwa maji ya shinikizo. Mkandarasi anayetaka kuokoa pesa huifunika kwa rangi nyeusi. Mchana inapendeza. Usiku wa mvua, taa za magari zikimulika, rangi nyeusi inang'aa kama nyeupe na dereva anaona seti mbili za leni, za zamani na za mpya, zinazopishana kwa nusu mita. Kwa hiyo ukaguzi wa kupokea kazi ufanyike usiku, lami ikiwa imelowa, gari la mkaguzi likiwa na taa za chini. Mstari wa zamani ukionekana kutoka mita 30, mkandarasi arudi na mashine kabla ya kulipwa.